PS4 Slim ya mtumba kwa nyumba yenye watoto: joto, chumvi, stima na siasa za padi

Kwa nyumba ya Mombasa yenye watoto wa shule na mzazi anayependa gemu mwenyewe, PS4 Slim ya mtumba, mashine ya gemu ya Sony inayounganishwa na TV, bado ndiyo ya kununua. Iliingia sokoni Septemba 2016, PS5 ikaja Novemba 2020, na hata hivyo gemu za mpira zingali zinatolewa kwa zote mbili: EA Sports FC 26 ya Septemba 2025 ina toleo la PS4. CD zake zimejaa mjini, mafundi wanaijua, na stima haili sana. Lakini imeundwa kwa sebule za nchi za baridi. Haijui kaskazi, haijui hewa ya chumvi, wala haijui stima inayokatika saa mbili usiku mechi ikiwa dakika ya 80. Ukiinunua bila kuyafikiria hayo itakufia mapema, na lawama itawaendea watoto bure.

Dukani, hakikisha kwanza kwamba unachopewa ni Slim. Soma namba kwenye kibandiko: Slim huanza na CUH-20, CUH-21 au CUH-22. Ile nene ya zamani ni CUH-10, 11 na 12. Hiyo waifai yake ni ya 2.4 GHz pekee, na kwenye jengo la ghorofa ambako kila nyumba ina rauta yake utateseka. Pro ni CUH-70 kwenda juu, ina nguvu zaidi lakini kiwango chake cha juu cha umeme ni wati 310 dhidi ya 165 za Slim, na kwa joto letu hilo si jambo dogo. Upungufu mmoja wa Slim: haina tundu la sauti la optiko, kwa hiyo kama spika zako za sebuleni zinategemea waya huo, ujue mapema.

Usikubali kuonyeshwa mashine ikiwaka tu kisha ikazimwa. Omba icheze nusu saa. Tia CD, itoe, itie tena. Ikisita kumeza au ikigonga ndani, roli za mpira zimechoka. Shika waya wa HDMI uutikise kidogo: picha ikipotea na kurudi, pini za tundu zimepinda au soda (risasi ya kuungia) imeachia, na hiyo ndiyo kasoro inayoipata mitumba mingi zaidi. Weka kiganja nyuma usikie upepo. Upepo wa moto unaotoka kwa nguvu ni dalili njema. Feni ikilia kama ndege huku upepo ukitoka hafifu, ndani kumejaa vumbi. Ujumbe wa makosa CE-34878-0 ukitokea mara moja unaweza kuwa wa gemu yenyewe, lakini ukijirudia kwenye gemu mbili tofauti, shuku diski ya ndani.

Kisha washa mtandao wa simu yako, unganisha PS na uingie kwenye akaunti ya PlayStation Network, mtandao wa gemu wa Sony, palepale dukani. Hapa ndipo utaitambua mashine iliyochipiwa. Wauzaji wengi mjini wana PS zilizofunguliwa kufuli na kujazwa gemu 20 au 30 “za bure”, na bei yake huvutia. Kasoro yake ni hii: haiwezi kuingia mtandaoni kihalali, programu yake hubaki kwenye toleo la zamani, gemu mpya zinazodai programu mpya hazifunguki, na wakati mwingine kila ikizimwa lazima ifunguliwe upya. Zaidi ya hayo, ulinzi wa watoto unaotegemea akaunti ya familia huupati. Kwa mzazi, hilo la mwisho peke yake latosha kukataa. Bei za mtumba huzunguka elfu 20 na kidogo kwa mashine safi yenye padi (kidhibiti cha mkononi) moja. Ya bei ya chini kuliko hiyo kwa mbali, uliza mara mbili imetoka wapi.

Sasa joto. Watengenezaji wameandika kwamba PS4 ifanye kazi kwenye chumba cha nyuzi 5 hadi 35. Kaskazi ya Januari na Februari, sebule ya mabati au ya ghorofa ya juu kabisa huufikia mpaka huo alasiri bila shida. Kwa hiyo pahali pa kuiweka si suala la urembo. Kabati la TV lenye milango ya kioo ndilo adui wa kwanza. Kitambaa cha kudarizi kinachofunikwa juu ya vyombo vya sebuleni ni adui wa pili, kwa kuwa hewa huingia ubavuni na kutoka nyuma, na kitambaa kikiteleza kidogo huziba kote kuwili. Iache wazi, sentimita 10 au zaidi kutoka ukutani, isiketi juu ya king'amuzi wala juu ya rauta. Feni ya dari husaidia chumba lakini pia hupeperusha vumbi. Feni ya meza ielekezwe mbali na mashine.

Vumbi la Mombasa si kama la bara. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, basi vumbi likiingia halikai kama unga, hugeuka utando wa kijivu ulioshikana na mapezi ya chuma ya kupoza. Kupuliza kwa nje hakuutoi. Kila miezi 6, au miezi 4 ukikaa karibu na bahari upande wa Nyali, Likoni au Mji wa Kale, ifunguliwe na kusafishwa kwa brashi laini na hewa. Unahitaji bisibisi ya nyota yenye tundu katikati, saizi T8 au T9, pamoja na ya msalaba ya kawaida. Fundi anapopuliza, ashike mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Feni ikizungushwa kasi kwa upepo huharibu beringi zake na hurudisha umeme kwenye bodi. Krimu ya joto juu ya prosesa ya mashine ya miaka 6 au 7 huwa imekauka kama chokaa. Ibadilishwe siku hiyohiyo, kiasi cha punje ya dengu, si kupaka kama siagi.

Kuna mgeni mwingine ambaye maduka hayamtaji. Mende. PS4 ina matundu mapana, ndani mna joto na giza, na kisanduku cha umeme kiko karibu kabisa na matundu hayo. Mende huzalia humo. Mmoja akifia kati ya sehemu mbili za bodi ya umeme, shoti, na mashine haiwaki tena. Ukinunua ya mtumba, itikise taratibu karibu na sikio na unuse nyuma. Harufu ya mende haijifichi. Nyumbani, iwe mbali na jikoni, isikae sakafuni, na sahani za viazi karai zisilazwe kando yake.

Stima inahitaji hesabu mbili. Ya kwanza ni ya tokeni. Slim ikichezwa hula karibu wati 80, TV ya inchi 32 ya LED hula karibu 45. Saa 2 kwa siku, siku 30, jumla ni kama yuniti 7.5 kwa mwezi. Si nyingi, lakini angalia bendi yako ya bei ya stima: bendi za nyumbani zina mipaka kwenye yuniti 30 na yuniti 100, na unapangwa kwa wastani wa matumizi ya miezi 3. Nyumba iliyokuwa ikigusa yuniti 95 ikiongezewa PS hupanda bendi. Watu huilaumu gemu kwa bili nzima, kumbe ilisukuma tu hatua ya mwisho.

Hesabu ya pili ni ya kukatika. Mashine ikizimika ghafla wakati inaandika kwenye diski, hifadhi ya gemu, yaani rekodi ya ulipofikia, huharibika. Ikirudi itakagua diski yenyewe, iache imalize. Ikianza kuganda baada ya hapo, izime kabisa, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 7 mpaka usikie mlio wa pili. Itafungua hali salama (safe mode), yenye orodha ya kazi zenye namba. Unganisha padi kwa waya, uchague namba 5, ya kujenga upya kanzidata. Haifuti gemu wala hifadhi. Usiguse namba 6 na 7, hizo hufuta kila kitu. Hali ya kulala, ile ya taa ya rangi ya chungwa, kwa Mombasa isitumike kabisa: stima ikikatika usiku ni sawa na kuing'oa plagi. Wafundishe watoto kuzima hadi taa ife. Na baina ya soketi na ekstensheni weka gadi ya umeme inayochelewesha umeme kurudi. Madhara makubwa hutokea stima inaporudi kwa kishindo, si inapoondoka.

Padi ndiyo itakayokula pesa zako. DualShock 4, padi ya PS4, ikiwa halisi ina betri ya mAh 1000, na tundu lake la chaja ni USB ndogo ya aina ya zamani, ambayo hulegea ikivutwavutwa. Ugonjwa wake mkubwa ni vijiti: mchezaji anatembea peke yake uwanjani hujagusa kitu. Ndani ya kila kijiti mna vipima viwili vyenye utando wa kaboni, na utando huo husuguliwa ukaisha. Mwanzoni kusafisha kwa spiriti ya asilimia 99 husaidia: tone moja chini ya kijiti, kizungushe mara 30, iache ikauke dakika 20. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi, huacha kutu. Tatizo likirudi ndani ya wiki, kijiti kibadilishwe. Kina miguu 14 ya kutoa soda, kazi ya fundi mwenye mkono mtulivu. Fundi wa haraka huunguza bodi na padi nzima hufa.

Padi za bandia zimejaa kwenye maduka yetu na kwa macho zinafanana na halisi. Zibebe mkononi: halisi ina uzito wa karibu gramu 210, ya bandia ni nyepesi na kelele ya vitufe vyake ni ya plastiki kavu. Chomeka spika za masikio kwenye tundu lake; nyingi za bandia hazitoi sauti. Kwa mtoto wa miaka 5 anayejifunza, ya bandia yatosha. Kwa mechi ya ushindani, huchelewa kujibu na ugomvi hauishi.

Tena kuna mabuyu. Unga mwekundu wa sukari na pilipili ukiingia chini ya R2, kitufe cha kidole cha kulia, hukwama na kuwa gundi, kitufe hubaki kimezama, na kwenye gemu ya magari gari linakwenda bila kukanyagwa. Fungua skrubu 4 za nyuma, ondoa kitufe, osha plastiki peke yake kwa maji ya uvuguvugu, ikaushe kabisa, paka spiriti kwenye mpira wa chini. Achari ya embe ni mbaya zaidi kwa sababu ya mafuta na siki. Sheria ya kunawa kabla ya kushika padi ni ya lazima kama ya kunawa kabla ya kula.

Diski ya ndani ya GB 500 hukuachia karibu 400 za kutumia. Gemu ya mpira peke yake hupita GB 40. Linalowachanganya wengi ni hili: sasisho la GB 2 linakataa kuingia, na mashine inasema nafasi haitoshi. PS4 hunakili gemu nzima upya inapoweka sasisho, kwa hiyo kila mara acha nafasi tupu inayolingana na gemu yako kubwa kabisa. Suluhisho la kudumu ni SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya SATA ya inchi 2.5, yenye unene usiozidi milimita 9.5. Nakili hifadhi zako kwenye flashi kwanza. Kifuniko kiko kwenye kona ya nyuma, kinateleza bila bisibisi. Skrubu moja yenye alama za PlayStation hushika kitoroli, nyingine 4 hushika diski. Programu pakua kwenye kompyuta, iweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 ndani ya folda PS4, kisha UPDATE, jina la faili PS4UPDATE.PUP, herufi zote kubwa. Chagua faili la usakinishaji kamili, la takriban GB 1. Lile dogo la sasisho litakataliwa. Kisha hali salama, namba 7, na hapo ndipo pekee namba 7 inafaa.

Kwa mtandao wa Mbps 10, GB 40 hushuka kwa karibu saa 9. Kwa bando la simu, usijaribu. Ndiyo maana CD bado ina maana hapa: inasakinisha sehemu kubwa yenyewe, na ukiichoka unaiuza au kubadilishana. Gemu ya kununua mtandaoni haihamishiki. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PlayStation Network, kwa hiyo akaunti hufunguliwa kwa nchi nyingine, wengi wakichagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, na kadi za malipo lazima ziwe za nchi hiyohiyo. Chagua moja na usibadilishe, nchi ya akaunti haibadiliki.

Akaunti ya kwanza kwenye mashine iwe ya mzazi. Hili ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia. Mzazi huwa msimamizi wa familia, kisha kila mtoto anafunguliwa yake kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Humo unaweka rika la gemu, saa za kucheza, kikomo cha matumizi kwa mwezi na mazungumzo na wageni. Watu hufika hapo wakatosheka, na mtoto huwapita kwa dakika moja: anafungua mtumiaji mpya, au anaingia kama mgeni. Nenda kwenye vizuizi vya mfumo, kataza watumiaji wapya na wageni, na ubadilishe nywila ya vizuizi, kwani ya kiwandani ni 0000 na kila mtoto wa mtaa anaijua. Kisha weka nywila kwenye akaunti yako mwenyewe.

Rika la gemu lichukuliwe kwa uzito. GTA V na Mortal Kombat 11 ni za miaka 18 huko Ulaya. Minecraft ni 7, Overcooked ni 3, It Takes Two ni 12 na inachezwa na watu wawili tu kwenye skrini moja, mzazi na mtoto. Kwa kutafuta gemu ya kumfanya baba au mama aketi na binti yake jioni, hiyo ya mwisho haijapata mpinzani. Rocket League na eFootball ni bure na hazidai PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, kucheza mtandaoni. Kumbuka kwenye FC, mwenye PS4 hakutani na mwenye PS5. Binamu wa PS5 aweke toleo la PS4 ndipo wacheze.

Neno “gaming” kwa sheria ya Kenya limewadhulumu wachezaji kwa miaka mingi. Sheria ya Betting, Lotteries and Gaming, Sura 131, ilikuwa ya kamari. “Gaming” humo ni meza na mashine za kubahatisha. Agosti 2025 ilisainiwa sheria mpya ya kudhibiti kamari kuchukua nafasi yake. Ndiyo maana mzee wa mtaa akisikia kijana ni “gamer” anafikiria mikeka. PS ya nyumbani haina dau. Hata hivyo, mzazi asilale: pakiti za wachezaji kwenye Ultimate Team, sehemu ya FC ya kuunda timu yako, hununuliwa kwa pesa halisi bila kujua utapata nani. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba visanduku vya namna hii ni kamari, na Januari 2019 EA, kampuni inayotengeneza FC, ikaacha kuuza pointi zake huko. Sisi huku hatuna uamuzi kama huo, basi kikomo cha matumizi cha mtoto kiwe sifuri.

Na mtoto akiuliza kwa nini PS5 ni ghali ilhali meli zinatia nanga Kilindini, mpe jibu kamili. Bidhaa ikishuka inalipiwa ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, ada ya reli asilimia 2, kisha VAT ya asilimia 16 inayohesabiwa juu ya bei pamoja na ushuru. Kituo cha abiria cha reli yenyewe kiko Miritini, anakiona. Mtoto aliyeelewa bei ya PS kwa njia hiyo ataelewa pia kilichowatoa vijana barabarani Juni 2024, na kwa nini mswada wa fedha wa mwaka ule haukutiwa saini.

Zamu zigawe kwa mechi, si kwa dakika. Nusu ya dakika 6 mara mbili, pamoja na vituo, ni karibu robo saa. Mechi 3 kwa mtoto, padi inahama. Kumkata mtoto katikati ya mechi ni kumwonea, na atakuwa na haki ya kulia. Ulinzi wa mashine wenyewe hauna huruma hiyo: ukichagua “toa nje” muda ukiisha, humtoa dakika ya 89 bila kuhifadhi. Chagua “arifu tu” kwa siku za shule, na wewe ndiye umalizie.

Unapoweka saa za kucheza, mashine itakuuliza ukanda wa saa. Akaunti ya Afrika Kusini inaweza kukupendekezea saa za kwao, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 1, na mtoto atakuwa bado anacheza saa tatu usiku ulipodhani umefunga saa mbili. Chagua Nairobi. Na mwezi wa Ramadhani ukiandama, ingia ubadilishe saa za kila siku ya wiki moja moja, kwa kuwa zile za kawaida zitafungua gemu wakati wa futari na kuifunga kabla hawajarudi kutoka tarawehe.